HAKI HAIKULETWA NA SUBIRA: HABARI ZA MJI WA PRESTON



Kuna hadithi moja ambayo huletwa mezani kila mara tunapodai nyongeza ya mshahara. Wazee wetu walisimuliwa hadithi hiyo na mabwana wa Idara ya Kazi zamani za ukoloni, na sisi bado tunasimuliwa na wakubwa wa kazi pamoja na washauri wao. Husemwa hivi: wafanya kazi wa Uingereza nao walianza chini kabisa, lakini hawakuwa na haraka. Walichapa kazi, wakawasikiliza matajiri wao, wakangoja kwa adabu, na Bunge lilipoiona tabia yao njema likawapunguzia saa, likawapa likizo na mishahara ya kutosha. Mwisho wa hadithi huwa ni shauri: "Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Subira huvuta heri."

Sisi hatuna ugomvi na subira. Mkulima husubiri mvua na mvuvi husubiri maji. Lakini mkulima husubiri akiwa amekwisha kulima, na mvuvi husubiri akiwa amekwisha kutengeneza wavu. Subira tunayofundishwa sisi ni ya kukaa mikono mitupu na kumtazama tajiri usoni. Tena hadithi yenyewe si kweli. Haikutokea hivyo Uingereza, wala haikutokea hivyo mahali popote tunapopajua.

Kwa hiyo tumeamua kuandika habari za mji mmoja wa viwanda wa huko huko Uingereza, ili mwanachama akisimuliwa tena hadithi hii awe na jibu.

MJI ULIOISHI KWA PAMBA

Preston ni mji wa Lancashire, kaskazini magharibi ya Uingereza, kando ya mto Ribble. Pamba haioti huko hata mche mmoja, maana baridi haikubali. Hata hivyo kwa zaidi ya miaka 150 watu wa Preston waliishi kwa kusokota pamba na kuifuma. Richard Arkwright, aliyepata sifa na utajiri kwa mashini ya kusokota uzi, alizaliwa humo mwaka 1732, na mwaka 1768 alikuwa katika nyumba moja ya mji huo akiishughulikia mashini hiyo pamoja na fundi wa saa aliyeitwa John Kay. Mwaka 1791 John Horrocks alianza kujenga viwanda vyake mjini. Mwaka 1802 alikwisha kuwa Mbunge wa Preston. Hesabuni wenyewe: miaka 11 tu kutoka kiwandani mpaka Bungeni. Mwenye mashini hakungoja.

Mwaka 1801 Preston ilikuwa na watu karibu 12,000. Mwaka 1851 walikuwa karibu 70,000. Waliingia kutoka mashamba ya jirani na kutoka Ireland, wakapangwa katika nyumba zilizobanana, zenye uchafu mlangoni na maji ya shida. Mchungaji John Clay, aliyekuwa kasisi wa gereza la Preston, alihesabu umri wa watu waliokufa mjini katika miaka ya mwisho ya 1830 na mwanzo wa 1840. Akaona kwamba watu wa tabaka la juu walikufa, kwa wastani, wakiwa na umri wa miaka 47. Wafanya biashara miaka 31. Wafanya kazi miaka 18.

Miaka 18! Wastani ulishuka hivyo kwa sababu watoto wengi mno wa wafanya kazi walikufa wakiwa wachanga. Mji ni mmoja, na mvua iliyowanyea ni moja, lakini umri ulikuwa wa namna tatu. Kama subira ina malipo, haya ndiyo malipo yake ya kwanza.

RISASI ZA LUNE STREET

Mwaka 1842 biashara ilikuwa mbaya, na matajiri wa Lancashire wakakata mishahara. Mwezi wa Agosti wafanya kazi wa mji mmoja baada ya mwingine wakaweka kazi chini. Walikwenda kiwanda hata kiwanda wakichomoa vizibo vya boila ili mvuke utoke na mashini zisimame. Wengi wao walidai pia haki ya kupiga kura, kwa kuwa walijua kwamba sheria zinazowabana zilitungwa na watu wasiowahi kushika uzi mkononi.

Jumamosi tarehe 13 Agosti 1842 wagomaji wa Preston walikutana na askari katika barabara ya Lune Street. Meya wa mji alikuwa Samuel Horrocks, mtu wa ukoo ule ule wa Horrocks wenye viwanda. Mtu mmoja alikuwa jamaa ya matajiri na mkuu wa mji pia! Amri ya kutawanyika ikasomwa. Mawe yalirushwa, nasi hatufichi hilo. Askari wakafyatua bunduki. John Mercer, William Lancaster, George Sowerbutts na Bernard McNamara walikufa. McNamara alikuwa kijana wa miaka 17.

Wiki chache baadaye, mwezi wa Septemba, mji ule ule ulifanya sherehe yake kubwa iitwayo Guild, ambayo kwa desturi hufanywa mara moja kila miaka 20. Maandamano yakapita barabarani kwa fahari zote. Wale wanne hawakuwekewa sanamu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, yaani karibu miaka 150 baadaye. Sanamu hiyo iko Lune Street, nayo inaonyesha askari wameelekeza bunduki na wafanya kazi wamesimama mbele yao. Anayetaka kutuambia habari za Waingereza waliongoja kwa adabu, na akasimame pale kwanza.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana. Mwezi wa Septemba mwaka 1947 polisi waliwapiga risasi wafanya kazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Uplands waliokuwa wamegoma, na watatu wakafa. Serikali ya kikoloni ilituletea kutoka kwao hadithi ya subira, lakini ilileta na bunduki vilevile.

SENTI 10 KATIKA KILA SHILINGI

Mwaka 1847 matajiri wa pamba walikata mishahara kwa asilimia 10, yaani senti 10 katika kila shilingi. Walisema ni kwa sababu ya shida ya biashara, na shida ikiisha watarudisha. Wafanya kazi wakangoja. Shida ikaisha, biashara ikanawiri, viwanda vipya vikajengwa, lakini zile senti 10 hazikurudi. Huo ulikuwa mwaka wa 1853. Basi miaka sita ya subira ilikuwa imekwisha kutolewa, tena kwa ukamilifu. Nani atasema hawakusubiri?

Mwaka huo wafumaji na wasokotaji wa Lancashire waliungana na kudai senti zao. Mji wa Stockport ulishinda. Preston ikafuata. Hapo matajiri wa Preston wakafanya jambo ambalo walikuwa wakiwakataza wafanya kazi wao: waliungana. Walikuwa na chama chao, wakaahidiana kusimama pamoja, na mwezi wa Oktoba 1853 wakafunga viwanda vyao ili njaa iwafundishe watu adabu. Watu kati ya 15,000 na 20,000 wakakosa kazi. Tajiri akifunga lango, huitwa mtu mwenye msimamo. Mfanya kazi akitoka nje ya lango lilo hilo, huitwa mkorofi.

Wafanya kazi walikaa nje miezi saba. Walikula nini? Walikula umoja. Kila wiki michango ililetwa kutoka miji mingine ya Lancashire, hasa Blackburn, nayo ilitoka kwa watu wenye mishahara midogo kama wao. Neno lao lilikuwa moja: asilimia 10 na hakuna kusalimu amri. Viongozi wao walikuwa George Cowell, mfumaji, na Mortimer Grimshaw, msemaji hodari wa mikutano ya uwanjani.

Mwanzoni mwa mwaka 1854 matajiri wakaanza kuleta watu wa kuvunja mgomo. Waliwatoa Ireland na wilaya za mashamba, watu wenye njaa ambao wengi hawakuelezwa waliitiwa nini. Hapa tunaomba kila shopu stewadi asome polepole. Chama cha Preston hakikuwaita wageni hao maadui. Kilituma watu kuwapokea, kikawaeleza habari za mgomo, na waliokubali kurudi kikawalipia nauli. Kwa kosa hilo la kusema na maskini wenzao, mwezi wa Machi 1854 viongozi walikamatwa na kushitakiwa kula njama. Baadaye kesi ikafutwa, lakini ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Sisi wa Kenya tunaijua kazi hiyo. Chege Kibachia aliondolewa kwa watu wake mwaka 1947, na Makhan Singh alikamatwa mwaka 1950 akafunguliwa mwaka 1961.

Tarehe 1 Mei 1854 mgomo wa Preston ulikwisha. Walirudi kazini bila zile senti 10. Tunasema hivyo wazi, kwa sababu gazeti la chama likidanganya habari za kushindwa, halitaaminiwa litakaposema habari za kushinda. Walishindwa mwaka ule. Lakini miji ya Lancashire ilikwisha kuona kwamba watu wengi hivyo wanaweza kukaa nje miezi saba bila kuuza wenzao, na chama kinaweza kukusanya fedha kila wiki na kuzigawa kwa hesabu. Hayo hayakusahauliwa.

Mwandishi mashuhuri Charles Dickens alifika Preston Januari 1854 kutazama mgomo. Katika gazeti lake alikiri kwamba aliona mikutano yenye utaratibu na watu watulivu. Lakini muda si mrefu alianza kutoa riwaya yake Hard Times, na humo kiongozi wa chama akachorwa kuwa mpayukaji na mchochezi. Hadi leo watu wengi duniani wanamjua yule wa riwaya. Wangapi wanamjua George Cowell? Mfanya kazi asiyeandika habari zake ataandikiwa na mtu mwingine, hata kama mtu huyo ana moyo mzuri.

NANI ALILIFUNGUA BUNGE MACHO?

Tunaambiwa sheria nzuri zilitoka Bungeni. Ni kweli, zilitoka Bungeni. Hata mtoto hutoka mlangoni, lakini hakuzaliwa na mlango.

Mpaka mwaka 1824 chama cha wafanya kazi kilikuwa ni hatia kwa sheria za 1799 na 1800. Mwaka 1833 ndipo ilipokatazwa kuajiri watoto walio chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo. Mwaka 1847 wanawake na vijana walipata siku ya saa 10. Mwaka 1871 vyama vilipata kutambuliwa kwa sheria, na mwaka 1875 wagomaji waliruhusiwa kusimama langoni kwa amani na kusema na wenzao, jambo lile lile lililowapeleka viongozi wa Preston kizuizini miaka 21 kabla. Angalieni miaka hiyo. Kabla ya kila sheria kulikuwa na mikutano ya usiku, maombi yenye sahihi nyingi, migomo, na watu kufukuzwa kazi au kufungwa. Bunge liliandika kwa wino yale ambayo watu walikuwa wamekwisha kuyaandika kwa jasho, na Lune Street kwa damu.

KUMBUKUMBU TAMU NA KUMBUKUMBU KAMILI

Siku hizi viwanda vya pamba vya Preston vimekwisha. Kimoja kikubwa cha Horrocks, kiitwacho Centenary Mill, kimegeuzwa nyumba za kuishi. Na kiwanda kikifa, huja watu wa kukisifu. Husemwa kwamba zamani watu walipendana, majirani walisaidiana, watoto waliheshimu wakubwa, na kila mtu alijua kazi yake. Picha za mabomba ya moshi hutundikwa ukutani kama picha za marehemu mpendwa.

Hatusemi ni uongo mtupu. Majirani walisaidiana kweli. Katika miaka ya 1970 na 1980 mtafiti Elizabeth Roberts alikwenda nyumba kwa nyumba katika miji ya Preston, Lancaster na Barrow, akarekodi maneno ya wazee wa tabaka la wafanya kazi, na mwaka 1984 akatoa kitabu juu ya maisha ya wanawake wao. Ukisikiliza kumbukumbu za wazee wa miji hii ya pamba unaona yote mawili, utamu na uchungu. Tatizo ni wale wanaochukua utamu na kuuacha uchungu sakafuni.

Mfumaji alikumbuka mtu aliyepita alfajiri na ufito mrefu akigonga madirisha ili watu wasichelewe, na sauti ya viatu vya soli ya mti, vyenye vyuma chini, vikilia barabara nzima kuelekea kiwandani. Huo ni utamu. Lakini kwa nini aamshwe kwa ufito? Kwa sababu aliyechelewa alikatwa fedha au alifungiwa lango.

Alikumbuka jinsi wanawake walivyosemezana kwa midomo bila sauti, kila neno likiumbwa kwa mdomo mpana, hata mtu wa upande wa pili akaelewa. Watalii hucheka wakionyeshwa. Lakini kwa nini walijifunza kusema bila sauti? Kwa sababu mashini za kufuma zilipiga kelele mfululizo, na wengi wao walizeeka wakiwa viziwi.

Alikumbuka kuvuta uzi kwa mdomo kupitia tundu la kile chombo cha mti kinachopeleka uzi huku na huku, chombo kilichopita midomo ya watu wengi. Waliita kukibusu. Jina zuri, lakini busu hilo lilipitisha vumbi na magonjwa, na kanuni za kulikomesha zilitoka mwaka 1952 tu. Alikumbuka mvuke uliomwagwa makusudi ndani ya chumba cha kufumia ili uzi usikatike. Uzi haukukatika, lakini mtu alitoka na nguo mbichi akaingia kwenye baridi ya barabarani.

Na vifua? Wafanya kazi waliofungua na kuchambua pamba walipata ugonjwa wa vumbi lake. Dalili yake ya kwanza ilikuwa kifua kubana siku ya Jumatatu, mtu anaporudi kazini baada ya kupumzika. Kwa miaka mingi hawakulipwa kitu. Fidia ya ugonjwa huo ilianza mwaka 1941, tena mwanzoni kwa wanaume waliofanya kazi hiyo miaka 20. Maana yake ni kwamba mtu alitakiwa kwanza aharibike kwa miaka 20, ndipo aruhusiwe kusema ameharibika. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa watu wa Preston neno hilo halikuwa methali tu.

Watoto nao walikumbuka. Mtoto wa miaka 12 aliweza kuwa kiwandani nusu ya siku na shuleni nusu ya siku, akisinzia juu ya kitabu. Sheria ya kuondoa desturi hiyo ilipitishwa mwaka 1918. Mshahara wake alimpa mama bila kuufungua. Wanawake wengi wa Preston waliendelea na kazi ya kiwanda hata baada ya kuolewa, wakalea watoto, wakapika, na wakafuma. Na hapa chama kilifanya jambo la kusifiwa: katika ufumaji wa Lancashire bei ya kazi iliandikwa katika orodha moja, na mwanamke aliyefuma kitambaa kile kile alilipwa bei ile ile ya mwanamume. Lakini viongozi wa vyama hivyo, ambavyo wanachama wake wengi walikuwa wanawake, walikuwa karibu wote wanaume. Tunaandika sifa, tunaandika na lawama.

Mwisho wake ulikuwaje? Mwaka 1959 Serikali ya Uingereza ilipitisha sheria ya kuwalipa wenye viwanda vya pamba fedha za umma ili wavunje mashini za zamani. Viwanda vikafungwa kimoja kimoja. Matajiri hawakuambiwa wasubiri. Dhiki ilipomgusa mwenye mali, Bunge lilipata haraka ambayo mfumaji hakuiona tangu 1847.

UZI UNAOTUFUNGA NASI

Wengine watauliza: mambo ya Wazungu yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu ya pamba yenyewe. Kwanza pamba ya Lancashire ilichumwa zaidi na watumwa wa Marekani. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoikata, Preston ililala njaa. Wafumaji wasio na kazi walipewa majembe wachimbe bustani za mji ili wapate posho, na bustani za Avenham na Miller ambako watu hutembea Jumapili ni kazi ya mikono yao. Matajiri wakajifunza kutotegemea nchi moja. Mwaka 1902 kikaundwa huko Manchester chama cha kukuza pamba katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, na mwaka 1903 mbegu zikaingizwa Uganda kwa mpango. Mkulima wa Buganda akawa amefungwa kwa uzi mmoja na mfumaji wa Lancashire, bila mmoja kumjua mwenzake. Bei ya mkulima ilibanwa huku, na mshahara wa mfumaji ulibanwa kule. Mwaka 1949 wakulima wa Buganda walipodai waiuze na kuichambua pamba yao wenyewe, walijibiwa kwa nguvu. Kwa hiyo si mambo ya Wazungu. Ni mambo ya wenye jasho.

CHAMA KILIPOSAHAU

Sasa tunafika mahali pa uchungu, nasi hatutapita kando. Baada ya vita vya pili Preston ilipokea wafanya kazi wageni kutoka India, Pakistan na visiwa vya West Indies, na baadaye Waasia waliotoka Afrika Mashariki pia. Wengi waliingia Red Scar, kiwanda cha kampuni ya Courtaulds nje kidogo ya mji, kilichotengeneza nyuzi zisizo za pamba. Walipewa kazi nzito ya kutengeneza nyuzi za kutia ndani ya mipira ya magari.

Mwezi wa Mei 1965 watu hao waliambiwa wasimamie mashini zaidi kwa nyongeza ya fedha isiyolingana na kazi iliyoongezwa. Kampuni ilikuwa imekwisha kupatana na wakubwa wa chama. Wenye kazi yenyewe hawakuridhika, wakagoma. Wakakaa nje karibu wiki tatu. Chama hakikuwaunga mkono, na wenzao Wazungu wa idara nyingine waliendelea na kazi. Wakarudi bila kushinda.

Linganisheni na mwaka 1854. Wakati ule wageni waliletwa kuvunja mgomo, na chama kikaenda kuwapokea, kikasema nao kama ndugu. Mwaka 1965 wageni ndio waliogoma, wakiwa wanachama wanaolipa ada, na chama kikakaa ofisini. Mji ulikuwa ule ule wa mashujaa wa Lune Street. Ni nini kilichopotea katikati? Tunasema ni kumbukumbu. Watu walibaki na picha za viatu vya mti, wakasahau kwa nini babu zao waliwalipia wageni nauli. Wahenga wetu walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Wakubwa wale walikuwa manahodha, wakasahau makasia.

Na kampuni je, iliwalipa fadhila wale walionyamaza? Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilitangaza kukifunga kiwanda cha Red Scar. Walionyamaza na waliogoma wakatoka lango moja.

SISI JE?

Ndugu, tusiwacheke watu wa Preston. Katika viwanda vyetu wapo vibarua wa miaka nendarudi ambao hawajawahi kupewa barua ya kazi. Wapo walioletwa na mawakala, wanaolipwa chini ya mwenzao wa mashini ya pili. Tunapokutana na mwajiri, je, majina yao yamo katika madai yetu? Au tunawaona wageni wa kutuharibia? Mgeni njoo, mwenyeji apone: asiye na mkataba leo akipata haki yake, mwenye mkataba amepata ngome.

Tena tuna wazee wetu. Thika, Kisumu, Eldoret na Nanyuki ilikuwa miji yenye viwanda vikubwa vya nguo. Wako wanaume na wanawake waliosokota na kufuma humo, wanaojua mshahara wa kwanza ulikuwa kiasi gani, nani alifukuzwa kwa kusema, nani alikatwa kidole, na siku milango ilipofungwa nani alilipwa na nani hakulipwa. Wanazeeka, na kila mmoja akifa anakwenda na daftari lake kichwani. Tukingoja, habari zao zitaandikwa na yule atakayegeuza kiwanda kuwa maduka.

Kwa hiyo tunalitaka kila tawi lifanye haya. Limteue mtu mmoja mwenye mkono mzuri wa kuandika. Aende kwa wazee watano waliostaafu, wanawake wasikose, awaulize: ulianza mwaka gani, kwa mshahara gani, kwa saa ngapi? Ulikatwa nini na kwa sababu gani? Nani aliumia, na alilipwa nini? Mligoma lini, nani aliwasaidia, na nani aliwaacha? Aandike majina, tarehe na shilingi, na aandike ya kushindwa pamoja na ya kushinda. Asilainishe kitu. Daftari likijaa, likae katika ofisi ya tawi mahali ambapo kila shopu stewadi atalisoma kabla hajakwenda mezani na mwajiri.

Na siku mkubwa wa kazi atakapotusimulia tena kwamba Waingereza walingoja, tumjibu kwa heshima: Bwana, watu wa Preston walingoja miaka sita kwa ajili ya senti 10, na hawakuzipata kwa kungoja. Sisi tumekwisha kulima. Tunataka kujua mvua yako itanyesha lini, na tunataka tarehe iliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Umoja ni nguvu.